Hali ya Masharti katika Kihispania: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana ya kwanza anayokutana nayo mwanafunzi wa Kihispania mjini Kisumu au Nakuru ni kwamba kila kundi la vitenzi, yaani vya -ar, vya -er na vya -ir, lina viambishi vyake katika hali ya masharti, yaani umbo la kitenzi linalokaribiana na -nge- ya Kiswahili. Ndivyo ilivyo katika wakati uliopo, lakini si hapa. Makundi yote matatu hutumia -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais na -ían, na viambishi hivyo hubandikwa mwishoni mwa kitenzi-jina (umbo la kitenzi lipatikanalo katika kamusi) kizima bila kukata chochote: comprar huwa compraría, vender huwa vendería, vivir huwa viviría. Hata ser na ir, ambavyo huwahangaisha wanafunzi katika nyakati nyingi, hapa vinafuata kanuni: sería, iría. Vinavyokiuka ni vichache, kama tener (tendría), hacer (haría) na decir (diría), na hata hivyo linalobadilika ni shina tu.

Wengine hudhani kwamba comía na comería ni mamoja kwa kuwa yote huishia kwa -ía. Anayeandika «comía pescado en Dunga» anasimulia kwamba zamani alikuwa akila samaki Dunga, ufuo wa Kisumu. Anayeandika «comería pescado en Dunga» anasema angekula, na huenda hajawahi kuuona ufuo huo. Tofauti yote imo katika kile kitenzi-jina kilichobaki kizima, kwa hiyo sikio lizoeshwe kuisaka ile r.

Kosa linalotugusa zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili linatokana na imani kwamba -nge- huhamia Kihispania jinsi ilivyo. Kiswahili sanifu huirudia pande zote mbili: «Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli.» Basi mwanafunzi huandika «Si tendría dinero, compraría una bicicleta», akiamini ameheshimu sarufi, kumbe upande wa sharti haupokei umbo hilo. Kihispania sanifu husema «Si tuviera dinero, compraría una bicicleta», ambapo tuviera ni umbo liitwalo imperfecto de subjuntivo, na -ría hubaki upande wa matokeo peke yake. Ni kweli kwamba kaskazini mwa Uhispania, hasa katika Nchi ya Basque na maeneo jirani, utawasikia wenyeji wakisema «si tendría», ila matumizi hayo hayakubaliki katika lugha sanifu, na mtahini hatayapokea. Hata hivyo, asije mtu akahitimisha kwamba neno la Kihispania «si» (kama, ikiwa) na -ría haviwezi kamwe kufuatana: «No sé si compraría esa bicicleta», yaani «Sijui kama ningeinunua baiskeli hiyo», ni sentensi sahihi kabisa, kwa maana hiyo «si» ya hapo haiweki sharti lolote.

Kuhusu nafsi, inafaa kukumbuka kwamba compraría ni «ningenunua» na pia ni «angenunua», hivyo yo, él au ella hutajwa pale ambapo muktadha hautoshi.

Hatimaye kuna jina lenyewe, linalowafanya wengi waamini kwamba pasipo sharti umbo hili halina kazi. «Me gustaría vivir en Nakuru», yaani «Ningependa kuishi Nakuru», ni njia ya adabu ya kueleza matamanio. «Dijo que llegaría el lunes», yaani «Alisema kwamba angefika Jumatatu», huripoti jambo ambalo, wakati wa kusemwa, lilikuwa bado halijatukia. Ndiyo maana Andrés Bello, mwanasarufi mzaliwa wa Caracas, aliliita umbo hili pospretérito, yaani «baada ya wakati uliopita», katika sarufi yake ya mwaka 1847, jina ambalo kwa maoni yangu lingewasaidia wanafunzi kuliko hili tulilolizoea. Tena Wahispania hulitumia kukisia mambo yaliyopita: «Serían las diez de la noche cuando el matatu llegó a Nakuru» maana yake ni kwamba ilikuwa yapata saa nne usiku matatu ilipofika Nakuru, na mfasiri atakayetia -nge- hapo atakuwa ameleta sharti ambalo msemaji hakulikusudia.