Kabla Mzee Hajashika Sepetu ya Theluji

Kila mwaka, Novemba ikikaribia, hatukosi kliniki mzee mmoja au wawili wanaotaka dawa za presha za miezi mitatu. Mtoto yuko Kanada, amekata tiketi. Mzee huniuliza kama moyo wake utastahimili ndege. Mimi humuuliza: huko uendako, nani huzoa theluji mlangoni?

Wengi hucheka. Kipupwe cha Mombasa hakijamfunza mtu baridi. Lakini huko njia ya kuingilia nyumbani husafishwa na mwenyewe, na mzee aliyezoea kazi hawezi kukaa kitako akimtazama mwanawe anahangaika na sepetu.

Watafiti wa Quebec, jimbo la Kanada, walipitia kumbukumbu za hospitali na za vifo za mwaka 1981 hadi 2014. Waligundua kuwa siku moja baada ya theluji ya sentimita 20, wanaume waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa takriban asilimia 16, na waliokufa kwa asilimia 34. Kwa wanawake, ongezeko halikujitokeza wazi. Kumbukumbu hazisemi nani alikuwa na sepetu, ila watafiti wenyewe walishuku kazi hiyo, nami nakubaliana nao.

Baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Kuinua mzigo kwa mikono, miguu ikiwa imesimama tuli, huipandisha zaidi, hasa mtu akijikaza na kuzuia pumzi. Hapo moyo unadai damu nyingi huku mishipa yake imebanwa. Kama ndani ya mshipa kuna utando wa mafuta, unaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake na njia ikaziba. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa.

Huku kwetu theluji hakuna, lakini mfereji ukikauka, mtu wa miaka 60 ashindaye kitini hupandisha mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya tatu. Hizo ni kilo 20, tena kwenye joto linalokausha maji mwilini. Kwa mwenye presha, sukari au mazoea ya sigara, kazi hiyo apewe kijana.

Kifua kikibana kama kimekaliwa, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, jasho jembamba likitoka, msiseme ni gesi. Gesi imetucheleweshea wagonjwa wengi! Wanawake na wenye sukari huweza kuhisi uchovu, kichefuchefu au pumzi fupi tu, bila maumivu makali. Mgonjwa akae, aache kila kazi, atafune aspirini ya miligramu 300 kama haimdhuru na hajakatazwa na daktari, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asijiendeshe mwenyewe. Kenya piga 999 au 112. Kanada ni 911, na mzee aikariri kabla ya kufunga sanduku.