Mwanasesere huyu si wa kuuza Gizenga

"Mikono yangu mizito, siwezi." Karibu kila mwanamke ninayemshauri ashone mwanasesere kupunguza mawazo hunijibu hivyo. Nimechoka kuyasikia maneno haya, maana yanawanyima nafuu wanaoihitaji zaidi. Aliyefiwa, anayeuguza, aliyerudi kwao na talaka, wote wanadhani lazima kwanza wajue kushona vizuri, ndipo watulie.

Si kweli. Kinachotuliza ni mkono kwenda na kurudi huku jicho likiifuata sindano. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima mate watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufinyanga udongo, kuchora na kubandika picha. Kwa takriban robo tatu yao kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka, na waliozoea sanaa hawakuwashinda wasioizoea. Utafiti ni mdogo na hapakushonwa mwanasesere, lakini unakubaliana na ninayoyaona barazani.

Naona mtu akifumua jicho, analishona upya, halilingani na la pili, analifumua tena. Mabega yanampanda, pumzi inakuwa fupi. Jamani, liache lilivyo! Wewe hushoni wa kuuza Gizenga, kwenye maduka ya watalii Mji Mkongwe, Zanzibar. Anza na mguu, uso uje mwisho. Chukua kanga kuukuu, piga bandi kwa mkono, uzi uwe wa rangi nyingine ili uuone vyema, pindua, jaza. Cherehani iache ilipo. Inamaliza kazi upesi, na wewe unachokitaka ni huo muda wenyewe.

"Vifaa ni ghali." Vipi? Muombe fundi cherehani wa mtaani kwenu vipande vinavyoanguka chini ya meza yake. Ndani jaza usufi wa mto wa zamani, baada ya kuuanika juani, na uzime feni kwanza, la sivyo utauokota nyumba nzima. Shingo ishindilie kwa kitako cha penseli mpaka ikaze, ama sivyo kichwa kitalala.

"Sanamu ni haramu." Hadithi ya Bi Aisha kucheza na wanasesere imo katika Bukhari na Muslim, na maulamaa wengi wameitumia kuruhusu wanasesere wa watoto. Kama moyo wako bado una wasiwasi, muulize shekhe wako, au uache uso mtupu, bila macho wala mdomo. Faida ya kushona haipungui.

"Nikishona sihitaji daktari." Hili ni la hatari. Sindano inapunguza uzito wa siku, haitibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ukipitisha wiki mbili huna raha na chochote na usingizi umekukimbia, nenda hospitali. Ukiwaza kujidhuru, usingoje hata kesho. Nenda na mtu unayemwamini. Kidongo Chekundu, hospitali ya afya ya akili ya Zanzibar, si ya wendawazimu peke yao, kama watu wanavyotishana mitaani. Na kama tayari umeandikiwa dawa, usiiache kwa sababu umepata cha kushona.