Harusi ya watu ndani ya kadi ya mama

Siku chache baada ya Sikukuu, Mfunguo Mosi ukiwa bado mchanga, alinijia dada mmoja kutoka Pemba. Alishuka boti akaja moja kwa moja Darajani, kwenye meza ninayotengenezea simu na kompyuta. Memori kadi ameifunga kwenye pembe ya leso kama mtu aliyefunga kipuli cha dhahabu. Mwanawe mdogo alikuwa akichezea simu, akaifomati kadi, yaani akaipanga upya ikawa tupu. Humo ndimo zilimokuwa picha zote za mama yake, ambaye sasa ni marehemu.

"Dada fundi, nirejeshee japo moja."

Nikamuuliza ninachouliza kwanza kila mara: tangu zifutike, umehifadhi kitu chengine humu? Akasema hapana, aliichomoa palepale. Hapo nikampa matumaini.

Kadi nyingi hupangwa kwa mtindo uitwao FAT, au exFAT zikizidi GB 32. Ndani yake mna orodha, mfano wa daftari la duka: faili gani lipo, limeanzia wapi. Ukifuta picha, simu haiigusi picha yenyewe. Inatia alama tu kwenye orodha kwamba nafasi ile iko wazi. Fomati ya haraka hufanya hivyo kwa daftari zima, inaweka jipya tupu. Mchele bado umo ghalani, na utabaki mpaka uletwe mzigo mwengine uwekwe mahala pake.

Natumia programu ya bure iitwayo PhotoRec. Hiyo haiulizi daftari. Inapita kadi nzima, kipande kwa kipande, ikitafuta jinsi picha zinavyoanza. Za JPEG, aina ya faili la picha litumiwalo na simu nyingi, huanza na alama FF D8 FF. Ikiipata inaitoa na kuipa jina la namba tu, maana jina la asili halijui.

Picha ya kwanza niliyoifungua, mama amekaa barazani, ana ungo mapajani. Dada akalia, nami nikashindwa kusema neno. Ya pili, mama tena. Ya tatu ilikuwa chumba cha harusi. Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba vikuba vya asumini, bibi harusi hina imempanda mpaka viwikoni.

Nikakigeuza kioo cha kompyuta ukutani. "Hawa jamaa zako?"

"Wallahi siwajui."

Kadi aliinunua mkononi, ilishatumika.

Anayezijua harusi zetu ataelewa kwa nini nilihisi baridi. Mwanamke hujiachia mle chumbani kwa kuwa anajua walioko ni wanawake wenziwe, na aliyeshika simu kapewa amana. Aliyeiuza kadi ile huenda alizifuta kweli. Aliiangalia, akaiona tupu, akaridhika. Sina la kumlaumu. Hakuna aliyemweleza habari ya daftari na ghala. Lakini jirani yangu hapa sokoni au kijana yeyote mwenye kompyuta angeweza kuzitoa kama nilivyozitoa mimi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa. Mimi ruhusa ya mwenye kadi ninayo. Ya wale wanawake sinayo, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito.

Basi nizitenganisheje bila kuziangalia? Picha iliyopigwa kwa simu kwa kawaida hubeba maelezo yasiyoonekana: aina ya simu, tarehe na saa. Nikachukua aina ya simu ya dada, nikaiamuru kompyuta iweke kando kila picha iliyopigwa kwa simu hiyo tangu siku aliyoinunua kadi. Nyengine zote nikaziacha zimefungwa. Tatizo likawa picha zilizopita WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huyaondoa maelezo hayo. Za mama na za harusi zikawa chungu kimoja. Nilimwambia kweli: hizi sizifungui. Aliyekutumia bado anaweza kuwa nazo, waombe ndugu zako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nisingependa zangu zifunguliwe." Aliondoka na kadi mpya yenye picha za mama. Ile ya zamani aliniachia niifute, pamoja na nakala zilizobaki kwenye kompyuta yangu.

Kuifuta kweli kwataka muda, si utaalamu. Kwenye kompyuta ya Windows, ukifika pa kufomati, ondoa tiki kwenye fomati ya haraka. Itaandika sifuri kadi nzima. Kama huna kompyuta, ifomati kwenye simu, kisha rekodi video ya ukuta mpaka kadi ijae, ndipo uifute. Ule mzigo mpya utafunika karibu vyote vya zamani.

Simu yenyewe ina nafuu. Zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi huhifadhi vitu kwa maandishi ya siri, na ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, ufunguo wa siri ile hutupwa. Iondoe kwanza akaunti yako ya Google, la sivyo aliyenunua anaweza kukwama. Ila kadi iliyomo ndani haiingii katika hesabu hiyo. Ichomoe! Ichomoe hata unapoleta simu kubadilishwa kioo au mlango wa chaji, maana kadi haihusiki na kazi hiyo. Baadhi ya simu za Samsung, tangu 2022, zina mpangilio wa matengenezo: ukiuwasha, fundi anaikuta simu kama mpya, vitu vyako havioni. Uwasheni hata mkija kwangu.

Na kadi iliyokufa, isiyosomeka popote, msiitupe jaani nzima. Kutosomeka kwenye simu yako si dalili kwamba haitasomeka kwa mwengine mwenye vifaa. Ikateni vipande vipande kwa mkasi wa bati, mkipita katikati.