Maradhi ya kinga kujishambulia: si upungufu wa kinga

Mama mdogo alirudi hospitali, akaniita chumbani, akafunga mlango. "Daktari kasema ni kinga," alininong'oneza. "Usimwambie mtu, hata mjomba wako." Alikuwa amelibeba neno hilo peke yake tangu kwenye daladala. Sikumlaumu. Kwa masikio yetu, daktari akitaja kinga, neno limeshajifasiri lenyewe: UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Karatasi aliyopewa ilizungumzia kitu kingine kabisa, karibu kinyume chake.

Mfano wa karibu ni mlinzi wa shamba la mikarafuu wakati wa mavuno. Kwenye upungufu wa kinga mlinzi yuko hoi, mwizi anaingia na gunia lake bila ya kuulizwa. Kwenye maradhi ya kinga kujishambulia mlinzi yu macho, fimbo mkononi, nguvu tele, ila amemkamata mwenye shamba na anampiga akidhani ndiye mwizi. Haya hayaambukizi, wala si alama ya tabia mbaya ya mtu.

Chembe za kinga hufunzwa mapema kutofautisha cha mwili na cha mgeni, na zile zinazokosea huondolewa au kunyamazishwa. Chache huponyoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Kijerumani Paul Ehrlich aliamini mwili una kizuizi cha kutojidhuru kwa namna hiyo, na kauli yake ilisikilizwa kwa miaka mingi. Mwaka 1956 watafiti Noel Rose na Ernest Witebsky, kule Buffalo nchini Marekani, walionyesha kwamba sungura anaweza kufanywa aishambulie tezi yake mwenyewe ya shingo. Leo yanahesabiwa maradhi zaidi ya 80 ya aina hii, na wagonjwa wengi ni wanawake. Jina hutegemea mahali fimbo inapotua. Ikipiga kongosho ni kisukari aina ya kwanza, kile cha watoto na vijana. Ikipiga rangi ya ngozi ni mbalanga. Ikipiga tezi ya shingo, tezi inalegea au inapandwa na wazimu. Lupasi haichagui, inapiga ngozi, viungo, figo, damu. Kwa mama mdogo ilitua kwenye viungo vya vidole.

Kwa nini yeye? Sehemu ni urithi, sehemu ni kichocheo cha nje kama maambukizi au sigara, na sehemu bado ni kitendawili. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba maradhi haya yalikuwa adimu huko yakilinganishwa na Ulaya, akauliza kama vimelea vinavyoishi miilini mwa watu vinaipoza kinga. Swali hilo linaifaa sana Pemba, kisiwa kilichopambana na kichocho na minyoo miaka nenda miaka rudi. Lakini asije mtu akamnyima mwanawe dawa ya minyoo kwa sababu hiyo. Wagonjwa wa utumbo walishajaribiwa kwa mayai ya minyoo ya nguruwe, na majaribio makubwa hayakuleta nafuu iliyotarajiwa.

Mama mdogo mwenyewe alikuwa na jibu lake: maji. Amelima mwani miaka mingi, maji yakimfika magotini, na maradhi yake aliyaita baridi yabisi. Jina hilo linatoka kwenye tiba ya kale iliyotufikia kwa njia ya Waarabu, inayoupima mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kavu. Shida ya jina ni kwamba tunaliweka juu ya kila kinachouma: goti lililolika kwa uzee, mgongo wa mchukuzi, hata kidole gumba cha mguu chenye gauti. Ya mama mdogo yalikuwa na alama zake. Yalianza mikono yote miwili kwa pamoja, kwenye vifundo vya katikati ya vidole na pale vidole vinapoanzia. Asubuhi alikuwa hawezi kukamua tui wala kukunja ngumi, mkono umekakamaa kama ukili mkavu, na haukulegea mpaka saa tatu. Goti lililolika huuma likitumika na hutulia likipumzishwa. Haya ni kinyume, kulala ndiko kunakoyakaza.

Sasa tiba. Zipo dawa za hospitali zinazomtuliza mlinzi bila ya kumuua, na kuna mengine yote ambayo watu huyatumia pembeni. Hayo ya pembeni yana majina mawili ambayo madukani yanachanganywa makusudi. Tiba saidizi inakwenda sambamba na dawa ya daktari. Tiba mbadala inachukua nafasi yake. Kitu kile kile, tuseme habasoda, kinaweza kuwa hili au lile kulingana na kama kidonge kimeachwa au hakikuachwa. Kwa mtoto wa kisukari aina ya kwanza tofauti hiyo ni ya siku chache tu: akikatishwa insulini, hata akinyweshwa dawa gani, anakufa.

Na neno la kulikimbia, linaloandikwa kwenye chupa nyingi, ni "huongeza kinga". Kumwongezea fimbo mlinzi anayekupiga!

Tulipitia na sisi. Jirani alileta unga wa kahawia kwenye chupa isiyo na jina, dawa ya viungo, mitishamba mitupu. Siku ya tatu mama mdogo alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi mbili, nyumba nzima ikashangilia. Baada ya miezi miwili uso wake ulikuwa mduara, mashavu yamejaa, presha juu. Unga ulipokwisha alianguka, hana nguvu, kichwa kinazunguka, na vidole vimefura kuliko mwanzo. Daktari alipouona uso tu aliuliza: "Mama, unatumia unga gani?" Hatukuupima, kwa hiyo sitoapa. Ila vipimo vya nchi mbalimbali vimekuta "mitishamba" ya viungo iliyochanganywa na vidonge vya maumivu na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe zinazofanana na homoni za mwili. Steroidi ikitumika kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza ya kwao, na ukiikata ghafla mwili unabaki mtupu. Ndiyo maana hata prednisoloni, steroidi halali ya hospitali, hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Mimi tangu hapo mtishamba unaotuliza viungo kwa siku mbili tatu nauogopa kuliko unaochelewa.

Manjano na tangawizi jikoni havina ugomvi na mtu. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha manjano yakipunguza maumivu ya viungo, lakini mwili huyafyonza kwa shida, ndiyo sababu wenye viwanda huyachanganya na pilipili manga kwenye vidonge. Hapo sasa si mchuzi tena: vidonge hivyo vimeshaumiza maini ya watu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiviguse bila ya kuuliza. Samaki wa mafuta kama vibua wana ushahidi bora kidogo. Mafuta yao hupunguza ukakamavu wa asubuhi kwa baadhi ya wagonjwa, ingawa kwenye majaribio walipewa kwa wingi kuliko sahani ya chakula cha mchana.

Jua lina mambo mawili. Wagonjwa wengi wa lupasi huwashwa moto nalo, na kwao buibui na mtandio ni dawa isiyolipiwa. Lakini ngozi isiyoona jua haitengenezi vitamini D. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa 2022 liliwapa watu wa makamo na wazee vitamini D kila siku kwa miaka mitano hivi, na waliopata maradhi ya kinga kujishambulia walipungua kwa asilimia 22. Hiyo ni kuzuia, si kutibu. Na mwani wetu, huu unaouzwa sasa kwa unga na juisi, una madini ya joto. Mwenye tezi ya shingo inayoshambuliwa asijinywee tu, maana yakizidi huichokoza.

Hijama ina wenyewe na sigombani nayo, ila mtu anayetumia dawa za kutuliza kinga huambukizwa upesi, hivyo wembe mpya na mkono safi si jambo la kuonea haya kuuliza. Kombe, yale maji ya aya yanayonywewa, halina dhara likitangulia kidonge au likifuatia. Mwezi wa Ramadhani, mwenye insulini au steroidi azungumze na daktari Shaabani haijaisha. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye imo ndani ya Qurani.

Na kuna kichekesho kimoja. Kidonge kikuu cha lupasi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile tuliyoimeza utotoni kwa malaria tukajikuna usiku kucha.

Mama mdogo siku hizi anameza metotreksati, mojawapo ya dawa hizo za kumtuliza mlinzi, kila Ijumaa, mara moja tu kwa wiki, maana ya kila siku ni sumu. Aliichagua Ijumaa kwa kuwa haisahau. Jumamosi anameza vitamini ya foliki asidi, na kila miezi michache anapimwa damu kuangalia ini. Ilichukua wiki nyingi kabla ya vidole kulegea, na alinung'unika njia nzima. Mwani ameuacha, si kwa sababu ya maji bali kwa kuwa kamba zinamuuma kuzifunga. Kwa majirani maradhi yake bado yanaitwa baridi yabisi. Kinga hajaitaja.