Tone Halina Safari

Jumamosi iliyopita nilikuwa Jinja, kwenye matanga ya mzee mmoja aliyekuwa askari. Kijana mmoja akanishika mkono, akanyoosha kidole kuelekea mtoni, akanifariji (mimi hufundisha Advaita, falsafa ya Kihindi isemayo kwamba nafsi na uhalisi mkuu si vitu viwili): "Mwalimu, ninyi watu wa Advaita mna bahati. Mzee hajafa, ni tone limerudi baharini." Akaongeza kwamba hata majivu ya Gandhi yalimwagwa palepale kwenye chanzo cha Nile. Kweli, mwaka 1948 sehemu yake ilimwagwa hapo. Nikaitikia kwa adabu, maana matangani si mahali pa ubishi, na chai ilikuwa inapita.

Lakini nimechoka na hilo tone. Naandika leo ili akija mwingine nimtumie hii.

Tone kurudi baharini ni safari: pana msafiri, pana njia, pana kufika. Ni pepo ileile tuliyofundishwa madrasa na katekisimu, ila imeondolewa malango na malaika. Shankara, mwalimu mkuu wa Advaita katika karne ya 8, alisema jambo linalouma zaidi: jiva, yaani nafsi ya mtu, haijatengana na brahman, uhalisi mkuu, hata siku moja. Sasa nani wa kurudi? Mfano wetu ni huu: gizani umeona nyoka, taa imewashwa, kumbe ni kamba. Halafu unaniuliza nyoka ameungana vipi na kamba! Au nyoka akishakufa atakaa upande gani wa kamba!

Wajuzi watanirukia: mbona Mundaka Upanishadi yenyewe, maandiko ya kale ya Wahindu, ina mito inayoingia baharini ikaacha jina na umbo? Inayo. Someni basi sentensi nzima, jamani. Anayefananishwa na mto pale ni *vidvan*, yaani ajuaye. Haisemi aliyefariki. Mtu anaweza kuacha jina na umbo Jumanne asubuhi akiwa ndani ya teksi pale Wandegeya, Kampala, na mwingine akafa na kuzikwa bila kuacha chochote. Kifo hakifanyi kazi ya ujuzi. Nakiri kwamba hata hapo kitenzi ni cha mwendo, "hufikia", na hunikera kila ninaposoma. Lakini ni lugha gani itakayosema jambo hili bila kutembea? Tazameni Kiswahili chetu: amefariki, ametutoka, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki. Yote ni kuondoka. Kitenzi pekee kisichotembea ni "amekufa", na hicho tunamwachia mbuzi. Baganda nao hawasemi Kabaka, mfalme wao, amekufa. Wanasema amepotea, kana kwamba kuna mahali angetafutwa.

Ramana Maharshi, mwalimu wa Advaita, alipokuwa anakaribia kufa Tiruvannamalai, India, mwaka 1950, wafuasi walimsihi asiwaache. Akawauliza angekwenda wapi, yeye yupo. Basi wako wanaoelewa kwamba mzuka wake umebaki pale ashramu, makao yake na wafuasi! Alikuwa anakataa swali, wao wakasikia anwani.

Najua Shankara huyohuyo anakubali kuzaliwa upya katika ngazi ya vyavaharika, yaani ya maisha ya kila siku. Nalipita haraka, kwa kuwa katika ngazi hiyo hata mimi nina deni la kodi ya nyumba. Na wanaosema kwamba basi namkana Mungu na ahera, hapana. Anayesema "hakuna kitu baada ya kufa" naye amejificha palepale: ameshakubali kwamba yupo mtu wa kufutwa. Namuuliza swali lilelile ninalomuuliza sheikh na mchungaji. Nani?

Ninaposhikwa mimi ni kwenye usingizi. Hoja yetu kuu ni kwamba katika usingizi mzito, usio na ndoto, ufahamu haukatiki, ndiyo maana ukiamka unasema "nimelala vizuri, sikujua kitu." Sisi tunasema hiyo ni kumbukumbu. Watu wa Nyaya, shule ya mantiki ya Kihindi, walijibu zamani kwamba ni makisio tu: umeamka, mwili umepumzika, jua limepanda, ukapiga hesabu. Kwa miaka nimewafundisha watu kuwacheka Nyaya. Halafu mwaka jana nikapigwa nusukaputi kwa upasuaji wa ngiri. Nesi alikuwa ananiambia nihesabu, na papo hapo nesi mwingine ananivuta shuka. Katikati hapakuwa na giza wala utulivu, wala hata "nimelala vizuri". Nililala kitandani siku mbili nikitafuta kumbukumbu ya ule ufahamu usiokatika, nikapata makisio matupu.

Majibu ya vitabuni ninayo, nimeyasoma yote niliyoyapata, na baadhi ni mazuri. Usiku hayanitoshi.

Kwa hiyo kijana wa Jinja, kama unasoma, Alhamisi tunakaa kama kawaida, saa kumi na mbili jioni. Njoo tuanzie kwenye nusukaputi. Tone liache hukohuko mtoni.