Tamko la Dhamira Binafsi: Maana Yake na Namna ya Kuliandika

Tamko la dhamira binafsi ni maandishi mafupi, sentensi mbili hadi nne, yanayosema unaishi kwa ajili ya nini, unamtumikia nani, na jambo gani hutalifanya hata likiwa na faida. Hilo la tatu wengi huliruka, na bila hilo tamko halina kazi.

Lisichanganywe na malengo. Lengo lina kiasi na tarehe: kuweka akiba ya shilingi 600,000 ifikapo Desemba. Likitimia, limekwisha. Dhamira haimaliziki hivyo. Kwa hiyo ukikuta kiwanja, gari au shahada ndani ya tamko lako, vihamishie kwenye orodha ya malengo. Dira nayo ni picha ya unakotaka kufika, basi.

Kwa Kiswahili mfano mzuri tunao tangu enzi za TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Miongoni mwa ahadi za mwanachama ilikuwamo hii: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Siasa iweke kando, tazama muundo. Maneno matatu ya kwanza yanataja imani. Yanayofuata yanataja tendo, tena lililokatazwa, na yanaziba hata mwanya wa cheo cha mtu mwingine, maana mjanja angepitia hapo hapo. Ingeandikwa "Ninathamini uadilifu katika uongozi", kila mtu angeiapa na isingemfunga yeyote.

Tunu zako, yaani mambo unayoyathamini kuliko mengine, usizitafute kichwani. Ukikaa na karatasi tupu utaandika upendo, bidii na uwajibikaji, kwa sababu ndiyo maneno tuliyozoea kuyasifu. Anza na ushahidi. Chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, toa kodi, chakula na nauli, kisha angalia kilichobaki kilikwenda kwa nani. Andika matukio matatu yaliyokukasirisha sana mwaka huu, hata yale yasiyokuhusu. Mtu hukasirika pale kitu anachokithamini kinapoguswa. Ongeza mara mbili tatu ulizokataa fedha au nafasi, na sababu yake. Hapo yatapatikana maneno kumi hivi. Yachuje yabaki matatu, yasizidi matano, la sivyo hutayakumbuka.

Sasa yapange kwa uzito, maana tunu mbili nzuri zikigongana lazima moja ipishe. Mchukue fundi cherehani anayethamini familia yake na anayethamini kutimiza ahadi. Mwaka mzima tunu hizo zinakaa pamoja bila ugomvi. Zikibaki siku sita kufika Idi, ana nguo 22 za kushona, na uwezo wake ni nguo nne kwa siku, yaani 24. Anaingia mama na magauni matatu ya mabinti zake, fedha mkononi. Familia inasema pokea, ada ya shule imekaribia. Ahadi inasema nguo moja imezidi. Tamko la "ninathamini familia na uaminifu" linamwacha palepale aliposimama. Hili linamsaidia:

"Ninashona ili watoto wangu wasome na mteja wangu avae siku niliyomwahidi. Sipokei kitambaa nisichoweza kukimaliza kwa tarehe. Ada ikipungua nitakopa fedha, sitakopa siku za mteja."

(Anaweza kupokea magauni mawili na kumweleza mama ukweli kuhusu la tatu. Tamko halikatazi akili.)

Angalia vitenzi: ninashona, sipokei, nitakopa. Ni matendo ambayo jirani anaweza kuyaona. "Kuwa mtu bora" haionekani, na "kuwa kinara katika utoaji wa huduma" ni lugha ya bango la ofisi. Kuna jaribio rahisi la kunasa maneno matupu: geuza sentensi iwe kinyume. Hakuna mtu atakayesema "ninataka kuwatendea watu vibaya", kwa hiyo "kuwatendea watu vema" haijaamua lolote. Lakini "siwakopeshi ndugu fedha za mtaji" ina wapinzani wengi wenye hoja zao. Hiyo imesema kitu.

Jaribio la pili ni gumu zaidi. Kumbuka maamuzi matatu yaliyokutesa mwaka uliopita, kisha usome tamko. Kama halikuelekezi hata katika moja, rudi kwenye ushahidi. Likifaulu, mpe mtu mnayeishi nyumba moja na umuulize swali moja tu: wapi hapa si mimi? Atakuonyesha tunu za kuazima, zile za mzazi, za mchungaji au za bosi ulizoziandika kwa heshima. Dalili yake ni sentensi ambayo ukiisoma kwa sauti inakujia "natakiwa" badala ya "nataka".

Stephen Covey, Mmarekani aliyeieneza sana dhana hii tangu 1989, alishauri kuandika kwa kufuata nafasi ulizonazo: mzazi, mwenzi, mfanyakazi, jirani. Kwa zoezi la kufikiri, ushauri huo unafaa. Kwa tamko la mwisho, unazaa ukurasa mzima, na ukurasa haukumbukwi mteja akiwa amesimama mbele yako.

Liweke mahali uamuzi unapofanyika. La fundi linakaa kwenye jalada la ndani la daftari la oda, si kwenye fremu sebuleni. Lipitie mara moja kwa mwaka, au maisha yakibadilika: ndoa, mtoto, msiba, kazi mpya. Kulivunja mara moja si sababu ya kulifuta. Na usiliguse siku linapokubana. Andika badiliko pembeni, likae wiki mbili, kisha uamue.