Kiuno "kilichofunguka" na mfupa uitwao sakramu

Kina mama wengi wa hapa Tanga wanaokuja kwangu kwa mazoezi tiba baada ya kujifungua huniambia jambo lile lile: kiuno kimefunguka, mfupa umetoka, wanataka urudishwe. Wengine wameshapita kwa mkandaji, wakalazwa kifudifudi mkekani na kukandamizwa kwa goti. Mfupa unaolaumiwa ni sakramu, na naamini mtu akishaujua ulivyokaa hatakubali tena kukandamizwa namna ile.

Weka kiganja chako nyuma, chini ya kiuno, vidole vikielekea chini kwenye mfereji wa makalio. Hapo ndipo ulipo. Vile vishimo viwili ambavyo watu wengi wanavyo juu ya makalio viko jirani kabisa na sehemu unapokutana na mifupa ya nyonga. Ni mfupa wa pembetatu, mpana juu na mwembamba chini, umejipinda, na kwenye ncha yake kinaning'inia kitokono. Mtoto huzaliwa ukiwa bado ni pingili tano. Pingili hizo huanza kushikana mtu anapokua, na kwa wengi huwa mfupa mmoja kati ya umri wa miaka 25 na 30 hivi.

Uzito wote wa kichwa, mikono, kifua na tumbo unateremka kwa uti wa mgongo mpaka juu ya sakramu, kisha hapo unagawanywa: nusu mguu wa kulia, nusu wa kushoto. Ndoo ya maji iliyo kichwani nayo inapitia hapo hapo. Mchukuzi akijitwisha gunia la machungwa ya Muheza, ni hivyo hivyo. Mfupa umepachikwa kama kabari katikati ya mifupa miwili ya nyonga, hivyo kadiri mzigo unavyozidi ndivyo unavyozidi kubana. Kwa mtu mzima nyuso za maungio hayo si laini. Zina matuta na mabonde yanayoingiana. Nyuma yake zimepita kano ambazo ni miongoni mwa kano zenye nguvu kuliko zote mwilini. Mwendo unaobaki ni mdogo mno, kama milimita moja au mbili.

Mfupa wa namna hiyo hauchomoki kwa kuinama kufagia uani. Kuutenganisha na nyonga kunahitaji kishindo kikubwa, kama ajali ya gari au kuanguka kutoka juu ya mnazi, na aliyepatwa na hayo haji kwangu kwa miguu yake.

Lakini maumivu ya kina mama hawa ni ya kweli, na hata ile hali ya kuhisi kiuno kimelegea ni ya kweli. Wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni, mojawapo relaksini, zinazolainisha kano ili nyonga ziachie kidogo kumpisha mtoto. Sakramu ya mwanamke nayo ni pana zaidi na haijajipinda sana kama ya mwanamume, kwa faida ya njia ya uzazi. Tumbo likikua, misuli yake inavutika na kupoteza nguvu. Maungio yaliyozoea kubanwa pande zote sasa yanacheza zaidi kidogo kuliko kawaida, na misuli ya kuyashika imechoka. Hapo ndipo panapouma.

Namna mojawapo ya kumwonyesha mgonjwa jambo hili ni kumlaza chali na kumwomba ainue mguu mmoja kidogo, goti likiwa limenyooka. Mara nyingi mguu wa upande unaouma unakuwa mzito, unatetemeka, yeye anakunja uso. Kisha naiweka mikono yangu pande zote mbili za nyonga, nazibana kuelekea katikati, namwambia ainue tena. Mguu unapanda. "Kumbe!" husema wengi wao, na wengine huomba tujaribu tena. Sijarudisha mfupa wowote. Nimesaidia tu kubana, kazi ambayo misuli ilipaswa kuifanya.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaoudharau mkaja. Bibi zetu walimfunga mzazi kwa sababu waliona unamsaidia. Ninachoongeza ni mahali pa kufunga: kwa maumivu haya, mkaja wa tumboni unakaa juu mno. Kunja kanga kwa urefu iwe na upana wa kiganja, ipitishe nyuma ikiifunika sakramu, uilete mbele chini ya ile mifupa miwili ya nyonga inayochomoza. Ibane, lakini kidole kiweze kupita. Ivae unapotembea na kufanya kazi, ivue ukilala. Na usiitegemee peke yake: lala chali magoti yakiwa juu, kaza makalio, inua kiuno, tulia kidogo, shusha taratibu. Rudia kila siku. Ukijigeuza kitandani, yaweke magoti pamoja. Nguo ya ndani ivae ukiwa umekaa, usisimame kwa mguu mmoja.

Kitu kingine ninachokiulizia sana ni mbuzi ya nazi. Itazame vizuri mara nyingine: kiti kiko chini, magoti yako juu, nyonga zinalala kwa nyuma mpaka unakaribia kukalia kitokono, mgongo umepinda, na wakati huo huo unakisukuma kifuu kwenye meno kwa nguvu za mwili mzima. Kano za nyuma ya sakramu zinavutwa muda wote huo. Shughuli ikiwa ya harusi, nazi ni nyingi na mkunaji ni mmoja. Basi iweke mbuzi juu ya benchi, pokezaneni, na aliyejifungua majuzi apewe kazi nyingine.

Kuna pia suala la figo. Mtu akiumwa chini ya kiuno, jirani anamwambia ni figo, naye anaanza kunywa dawa. Maumivu ya figo kwa kawaida yako juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na mara nyingi huandamana na homa au mkojo usio wa kawaida. Mwenye shida ya maungio ya sakramu huelekeza kidole kimoja upande mmoja, karibu na kile kishimo. Ila kijana anayeamka usiku wa manane kwa maumivu, asubuhi akawa amekakamaa zaidi ya nusu saa kisha akapata nafuu akitembea, amwone daktari: upo ugonjwa wa uvimbe wa viungo ambao mara nyingi huanzia hapa. Hata ugonjwa wa brusela, ambao mtu anaweza kuupata kwa kunywa maziwa mabichi, hupenda kushambulia maungio haya.

Sasa lililo zito zaidi. Ndani ya sakramu mna mfereji wa neva, yaani mishipa ya fahamu, na neva hizo hutokea kwenye jozi nne za vitundu, mbele na nyuma. Baadhi huungana na za kiunoni kutengeneza neva kubwa inayoshuka nyuma ya paja. Nyingine, za pingili ya pili hadi ya nne, ndizo zinazotawala kibofu, haja kubwa na viungo vya uzazi. Zikibanwa, mara nyingi na diski (kile kitakia cha katikati ya pingili) iliyochomoza juu ya sakramu, mtu anapata ganzi sehemu zile zinazogusa kiti cha baiskeli, mkojo unagoma au unatoka bila yeye kujua, haja kubwa inamponyoka, miguu inaishiwa nguvu. Ukiona dalili hizi usikande na usisubiri kuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu neva zikicheleweshwa huenda zisirudi.

Na mkwezi akianguka, tafadhalini msimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Ufa wa sakramu ukipita kwenye vile vitundu, kumkalisha na kumtikisa kunaweza kuzikata neva hizo. Mlazeni kwenye ubao au mlango, mfungeni asiyumbe, tafuteni gari.

Kwa wenye mzee asiyeweza kujigeuza kitandani: sakramu imefunikwa na nyama kidogo sana, hivyo ngozi yake hubanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu isipite. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, shuka likae kavu, na kila mnapomwogesha mkague hapo. Kwa ngozi zetu nyeusi msitegemee kuona wekundu. Gusa kwa mgongo wa mkono: pakiwa na joto au ugumu kuliko pembeni, au rangi imekoza zaidi, kidonda kimeshaanza. Msipasugue wala kupachua. Mlazeni kwa ubavu, mkamwite muuguzi.